Mstari wa Usipa Haukusogea

Kwaresima ile nyumba ya mama niliyekuwa nikikaa kwake Liuli ilikuwa na pande mbili. Upande mkavu walilala usipa. Upande unaovuja alilala yeye.

Upepo wa mwezi wa pili ulikuwa umeng'oa mabati yake na kuyatupa kwenye mihogo ya jirani, yamekunjamana hayafai hata kuzibia banda la kuku. Machache yaliyobaki aliyaezeka juu ya chumba kimoja, na humo akapanga magunia ya usipa wakavu, dagaa wa ziwani, mpaka karibu na kenchi. Chumba cha pili alikifunika kwa turubai. Mvua ikinyesha, turubai lilijaa maji katikati likashuka kama tumbo la ng'ombe, naye akainuka na mwiko wa ugali kulisukuma kutoka chini ili maji yamwagikie nje. Alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na mwili wake haukuwa tena wa kusimama juu ya kitanda akipigana na maji.

"Mabati yangu ndiyo haya," aliniambia siku niliyokwenda kumtazama, akipiga gunia kwa kiganja. "Yanasubiri Wakatoliki wa huko juu wale samaki, basi."

Mimi si mwanawe. Nilifika Liuli miaka kadhaa nyuma kwa sababu mtu mmoja kwenye gari aliniambia kuna mwamba ziwani unaofanana na mnyama aliyelala, nikataka kuuona kwa macho yangu. Niliuona. Halafu sikuwa na nauli ya kuondokea, mama huyu akanipa kazi ya kuanika usipa, na chakula, na mkeka. Ndivyo maisha yangu yalivyokwenda tangu niache shule darasa la sita. Nilikwenda Kitai kutazama malori, nikawa utingo. Nikapanda Mbinga kujua mashine ya kukoboa kahawa inafanyaje kazi, nikabaki nikibeba magunia. Nikikijua kitu, miguu inaanza kuwasha.

Kazi ya bei niliipata nikiwa nimesimama tu sokoni Mbinga. Walikuja vijana wawili wa kampuni fulani ya mjini, wamevaa fulana zinazofanana, wakitafuta mtu wa kuwapelekea bei za soko kwa simu. Walitaka mtu anayejua kuandika lakini asiye mfanyabiashara, asije akadanganya kwa faida yake.

"Unauza nini hapa?" mmoja akaniuliza.

"Siuzi kitu."

"Unanunua?"

"Ninunue kwa nini?"

Wakatazamana. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Wakanipa simu yenye programu yao, nikahamia Mbinga. Kila asubuhi na kila alasiri nilizunguka mezani, nikauliza bei ya maharage, ya mahindi, ya usipa, nikaandika. Ile namba ikaondoka. Niliwauliza vijana inakwenda wapi, wakasema inakwenda kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine kabisa, ndipo irudi kwa wafanyabiashara mmoja mmoja walio pwani ya ziwa, kutoka Lituhi hadi Chiwanda. Jambo hilo lilinikosesha usingizi kwa furaha. Bei ya usipa ilikuwa inatoka Mbinga, inavuka bahari, inarudi, na bado inamfikia mwanamke wa Liuli kabla ya gari kumaliza kuteremka mlima. Asiyelipia alipata ujumbe jioni, soko limeshafungwa. Aliyelipia kifurushi alipata palepale, pamoja na mchoro wa mstari unaopanda na kushuka kadiri siku zinavyokwenda. Mama alilipia. Nilimshawishi mimi.

Ili ueleweke uzito wa mstari ule, lazima niseme jinsi habari za soko zilivyokuwa zikisafiri kabla yake. Hazikusafiri. Mwanamke aliyetoka kuuza Mbinga alishuka kwenye gari na uso wa msibani, akasema, "Dada zangu, soko limekufa, msipande." Kesho yake alfajiri yeye ndiye wa kwanza kupakia. Kila mtu alilijua hilo na kila mtu alilifanya. Hawakuuita uongo. Ilikuwa ni kama kuulizwa hali na kujibu salama wakati unaumwa. Mama mwenyewe alikuwa fundi wa mchezo huo. Aliwahi kushuka na kitenge kipya amekificha chini ya kikuukuu, akalia mpaka wenzake wakamchangia unga.

Kwa hiyo nilipomwonyesha mstari nilimwambia, "Sasa huhitaji mdomo wa mtu. Usisikilize maneno. Angalia mstari." Nililisema mara nyingi, kwa majivuno, mpaka akaanza kuwaambia wengine kama maneno yake.

Na Kwaresima yote mstari ulikuwa umelala. Haukupanda wala kushuka. Mama aliupenda hivyo. Alasiri alipanda kilimani karibu na misheni, kwenye mtandao, akaufungua, akautazama kama mtu anayetazama maji yaliyotulia kabla ya kuvuka.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho nilikiona mapema nikakipita. Mbinga usipa huuzwa kwa fungu, na fungu ni noti moja ya elfu. Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza nilipoingia soko lile na ndivyo ilivyokuwa siku zote nilizokaa pale. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Pesa ya kahawa ikiwa mifukoni mwa watu, fungu ni kama ngumi ya mtoto na hakuna nyongeza. Mifuko ikikauka, fungu linakua, na juu yake muuzaji anaongeza konzi, na mteja akisitasita anaongeza nyingine. Lakini ukiuliza bei, jibu ni buku, elfu ileile. Vijana wa kampuni walikuwa wameuliza usipa huuzwaje, wakaambiwa kwa fungu, wakaandika "fungu" kwenye programu, wakarudi mjini wameridhika. Na mimi niliona ni sawa, kwa sababu Kwaresima yote fungu lilikuwa dogo na halikubadilika. Huko juu Wakatoliki ni wengi, Ijumaa hawagusi nyama, na wengine hawaigusi mpaka Pasaka. Mstari ulisema kweli kwa bahati tu.

Mama alikuwa ameweka mzigo wake wote kwa ajili ya Juma Kuu. Hakuweza kupakia mapema kwa sababu ya mvua. Usipa wa mwisho walikuwa bado na unyevu, na mwenye lori alikubali kushuka Liuli Alhamisi tu, mizigo ya wanawake wengine ikiwa tayari pia. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Apakie Alhamisi alfajiri, afike Mbinga mchana, auze kwa jumla kwa wauzaji wa mafungu jioni ileile kabla ya Ijumaa Kuu, na Jumamosi ashuke na mabati juu ya lori lilelile.

Jumatatu ya juma hilo niliingia sokoni nikaona malori. Siyo yale niliyoyazoea. Kulikuwa na watu wa Chiwanda ambao sikuwahi kuwaona Mbinga, na watu wa Lituhi ambao siku zote walipeleka Songea. Nilimuuliza mmoja, mwanamume mwenye jino la dhahabu, kilichomleta ni nini. Akatoa simu mfukoni akanionyesha mstari wangu.

"Umelala vizuri," akasema. "Nikasema nije kabla haujaamka."

Wote walikuwa wameuona. Pwani nzima ya ziwa ilikuwa imetazama mstari mmoja na kupanda mlima mmoja.

Jumatatu jioni mafungu yalikuwa yamekua kidogo. Jumanne yalikuwa kama kikombe cha uji kilichopinduliwa. Jumatano asubuhi yalikuwa kama bakuli, na wauzaji walikuwa wanaongeza konzi bila kuombwa. Nikazunguka na simu yangu.

"Bei gani leo, dada?"

"Buku, kaka wa bei. Ilikuwa lini ikawa nyingine?"

"Na debe linatoa mafungu mangapi?"

"Nusu ya yale ya juzi. Na kesho nusu ya leo. Unanunua au unahesabu?"

Nikaandika elfu moja. Mstari ukasogea mbele kidogo, umelala.

Nilikaa juu ya kreti tupu. Nikampigia mama alasiri, saa yake ya kupanda kilimani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huko mvua ipo?"

"Ipo. Mama, kesho usipakie. Soko limekufa."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Soko limekufa," akarudia kwa ile sauti ya kulialia, sauti yake mwenyewe ya siku zote. "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kakupa nini, chai na chapati?"

"Mama, nakwambia ukweli."

"Hata mimi huwa nasema hivyohivyo. Nakwambia ukweli dada yangu, usipande."

"Fungu limekuwa kama bakuli, mama. Debe halitoi kitu."

"Hiyo ya bakuli niachie, nimeitunga mimi." Akacheka tena, ila safari hii kidogo. "Mstari nimeutazama sasa hivi. Uko palepale. Si wewe unayeuandika?"

"Ni mimi."

"Basi mbona mkono wako unasema hivi na mdomo wako unasema vile?"

Nikaanza jibu refu, na mtandao haukulingoja. Nilipompigia tena alikuwa ameshateremka kilimani.

Nikasimama pale katikati ya soko nikiona kitu kimoja tu kilichobaki. Mdomo wangu hautaaminiwa, basi mkono ubadilike. Mstari ushuke. Kama mstari ukishuka jioni ile, mtu yeyote mwenye simu kilimani angeuona, na mama angeusikia kabla ya kupakia. Nikafungua programu nikaandika nusu ya bei.

Ikakataa. *Bei hii haifanani na soko lako. Rudia.*

Nikaandika mia saba. Ikakataa. Nikaandika mia nane hamsini, nikiomba kimoyomoyo. Ikakataa, na ikanifungia. *Akaunti yako inasubiri uhakiki.* Nilitafuta mahali pa kuandika maneno, hata neno moja tu, fungu limekua. Hapakuwa na mahali. Palikuwa na kisanduku cha namba na kitufe cha kutuma. Nikapiga picha ya fungu la yule dada, nikaweka kiganja changu pembeni ili waone ukubwa, nikaituma kwenye namba ya msaada. Jibu likaja mara moja, na kwa dakika moja niliamini kuna mtu. *Asante kwa kuwa nasi. Ofisi zetu zimefungwa kwa sikukuu. Tunakutakia Pasaka njema.*

Nikawaza, kama bei niliyoandika haifanani na soko, basi soko lifanane na bei, ili uhakiki ukipita uikute ni kweli. Leo nikikumbuka naona haya, lakini wakati ule lilionekana wazo la akili kabisa. Nikamwendea muuzaji mmoja wa usipa, mama mnene mwenye utani, mkubwa wa safu yake.

"Mama, punguza fungu, uuze mia tano. Fungu dogo, pesa ndogo. Ni kitu kilekile."

"Niuze mia tano?" Akawageukia wenzake. "Njooni msikie. Kaka anataka niuze mia tano ili simu yake ifurahi."

"Mkiuza wote mia tano, wa ziwani wataacha kuleta. Na nyie mtapona."

"Mteja akisikia mia tano atasema samaki wameoza. Atasema nimewaokota." Akanichotea konzi akanitia mkononi. "Kula. Njaa ndiyo inakusumbua. Nyie wa ziwani mkikosa usipa siku mbili mnachanganyikiwa."

"Mimi si wa ziwani."

"Na wa hapa si wewe. Wewe ni wa wapi hasa?"

Safu yote ikacheka, na mimi nikacheka nao huku usipa wakinisagika kiganjani. Halafu nikamwomba mwanamke mmoja aliyekuwa amelipia kifurushi anionyeshe simu yake. Nilitaka kuona mstari unafanyaje baada ya kufungiwa mimi. Nilidhani utakatika. Ningefurahi ukikatika. Mtu akiona mstari umekatika atauliza. Haukukatika. Programu ikikosa bei mpya huirefusha ya mwisho, ikiingoja nyingine. Hata kunyamaza kwangu kulikuwa kunaandika elfu moja.

Alhamisi asubuhi, kabla soko halijachangamka, nilidandia lori tupu lililokuwa linateremka Mbamba Bay. Ukungu ulikuwa umefunika mlima na dereva aliendesha kichwa nje ya dirisha. Nilikuwa najua nimechelewa, kwamba wakati ule wanapakia, lakini nilijiambia barabara ya udongo itakuwa imewachelewesha. Mbamba Bay nikachukua pikipiki. Mvua ilitupiga njia nzima, na yule wa pikipiki alinitania kwamba ninakimbilia harusi ya nani na nguo hizi.

Niliwakuta wamekwama. Lori lilikuwa limezama magurudumu ya nyuma kwenye tope jekundu, wanawake wamekaa juu ya magunia, na juu ya magunia limefungwa turubai. Nililitambua. Lilikuwa na kiraka cha gunia la mbolea kwenye kona, nilichokishona mimi mwenyewe. Alikuwa amelivua kutoka juu ya kitanda chake akaja kuwafunika usipa.

"Kweli huyu kalipwa vizuri," mmoja wao akasema. "Kaja mwenyewe na miguu yake kutudanganya."

"Muulizeni soko likoje," mwingine akasema, na wakaitikia wote kwa pamoja, kama kwaya, "Limekufa!"

Mama hakuitikia. Alikuwa amejikunyata juu ya mzigo, nyuma ya kichwa cha lori, na kanga kichwani imelowa. Nikapanda gurudumu mpaka nikamfikia uso.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, nitazame. Mimi nimewahi kukutania kwa jambo la chakula?"

Akanitazama kwa muda. Sijui aliona nini. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na midomo haikai sawa.

"Mstari?" akauliza.

"Mstari unasoma noti. Fungu hausomi. Niliujua tangu mwanzo unasoma noti, sikufikiri kama ni kitu."

Akageuza uso kuelekea ziwa, ambalo kutoka pale halikuonekana kwa mvua. Wenzake walikuwa bado wanacheka lakini wale waliokuwa karibu waliacha.

"Hata kama ni kweli, baba," akasema, "turubai ni hili hapa. Nikiwashusha hapa njiani nitawafunika na nini mpaka nifike nyumbani? Wakilowa leo, kesho ni mbolea."

"Tuwapeleke nyumba ya karibu na hapa. Tuwapeleke kanisani."

"Magunia yote haya yanuke kanisani Ijumaa Kuu?" Akatabasamu kidogo sana. "Padri wetu ni mpole, lakini si kiasi hicho. Na huyu dereva hageuzi. Muulize."

Dereva alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini. Hakungoja niulize. "Hapa sigeuzi hata kama mbele kuna simba. Shuka usukume."

Nikashuka nikasukuma. Tulisukuma wanaume wanne na baadhi ya wanawake, matawi chini ya magurudumu, mpaka lori likatoka likapanda kuelekea soko nililokuwa nimekuja kuwazuia wasilifikie. Nilipanda nyuma nikakaa karibu na mama. Tulipoanza kupanda mlima kwenye lami, alinipa kipande cha muhogo wa kuchemsha kutoka kwenye mfuko wake, nikala.

Mbinga tulifika alasiri. Mama hakushusha mzigo kwanza. Alishuka yeye, akajifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya usipa kama mnunuzi. Nilimfuata kwa mbali kidogo. Akasimama mbele ya yule mama mnene.

"Fungu bei gani, mwenzangu?"

"Buku, dada."

"Fungu lote hili?"

"Na nyongeza. Chukua na hii. Na hii nayo." Yule mama alimtazama vizuri, akaona magamba kwenye kucha, akaelewa. Utani ukamtoka. "Umetoka ziwani leo?"

"Leo."

"Pole, dada yangu. Wenzako wapo hapa tangu Jumatatu."

Mama aliinama akashika fungu lile kwa mikono miwili, kama mtu anayepima kichwa cha mtoto mchanga, akaliachia. Hakunigeukia. Kama angenigeukia akanitukana, labda ningepata nafuu.

Hakuna aliyenunua kwa jumla jioni ile. Wauzaji wa mafungu walikuwa na magunia wasiyoyamaliza. Ijumaa Kuu watu walikuwa kwenye Njia ya Msalaba, wamejaa barabarani wakiimba kwenye ukungu, na soko lilikuwa kimya. Mama, ambaye ni Mwanglikana, alijiunga nao kituo kimoja au viwili halafu akarudi kukaa kwenye magunia, asije mtu akayafungua. Jumamosi ndiyo ilimaliza kila kitu. Tangu asubuhi foleni zilikuwa kwenye mabucha na kwa wachinja nguruwe. Mji mzima ulikuwa umechoka samaki. Watu walipita mbele ya usipa na nyama mikononi, imefungwa kwenye gazeti, na walikuwa wanatazama pembeni kwa adabu, kama tunavyompita mtu anayelia.

Mama alitandika gunia akafanya mafungu mwenyewe. Kwanza kama bakuli. Halafu kama sufuria. Mchana alikuwa anafanya fungu ambalo mtoto asingeweza kulibeba, na mpita njia akiuliza alijibu, "Buku, baba," kwa sauti ileile. Nilimwambia apandishe bei aone kama itasaidia, nikijua ni upuuzi. Alinitazama kama anamtazama mgonjwa.

Karibu na jioni alikuja mwanamume wa chakula cha kuku. Alikuwa na pikapu na mzani wa kuning'iniza. Alifungua gunia moja, hakunusa, hakuonja, hakutazama jinsi usipa walivyoanikwa bila mchanga hata chembe, jambo ambalo mama alijulikana nalo pwani nzima. Aliingiza koleo. Alinunua kwa kilo. Katika siku zangu zote sokoni ilikuwa mara ya kwanza kuona usipa wakiwekwa kwenye mzani, na nilisimama pale nikitazama mshale unashuka. Kumbe kulikuwa na namba moja ambayo ingesema kweli, na hakuna aliyekuwa ameiuliza, hata mimi.

"Hawa walikuwa wa kuliwa na watu," mama akamwambia, siyo kwa kulalamika, kwa kumwarifu tu.

"Kuku nao wanakula, mama," yule akajibu, akafunga mzani.

Pesa ile haikufika kwenye duka la mabati. Ilitosha nauli, unga, chumvi, na misumari michache ya kushikizia turubai vizuri zaidi. Tulishuka Jumatatu ya Pasaka na lori lililobeba kreti za soda. Turubai alilikunja akalikalia.

Liuli mvua ilikuwa imeingia chumbani kwake kwa siku zote nne. Godoro lilikuwa zito, tulilitoa nje watu wawili, kulinyanyua zaidi kukatushinda, tukaliacha limeegemea mnazi. Chumba cha mabati kilikuwa kitupu sasa, kikavu, na bado kinanuka usipa. Nilimwambia ahamie humo. Alikataa, halafu akasahau kwamba amekataa, akaanza kufagia magamba. Mimi nilipanda juu ya ukuta kurudisha turubai kwenye chumba kile kingine kwa ajili yangu, na kupiga misumari, kila msumari nikiusikia kwenye meno.

Siku mbili tatu baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yangu tulipokuwa kilimani. Mama alikuwa amenisindikiza, au mimi yeye. Alitaka kumpigia binti yake na kila alipoanza kubonyeza namba aliacha. Ujumbe ulikuwa wa kampuni. Akaunti yangu imefunguliwa. Uhakiki umekamilika, bei zangu zimeonekana ni thabiti, niendelee vivyo hivyo. Nikamsomea kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumficha kitu kingine.

"Nionyeshe mstari," akasema.

Nikaufungua. Ulikuwa umelala kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, Kwaresima yote, Juma Kuu lote, mpaka leo. Hapakuwa na hata kovu.

Alisogeza simu karibu na macho. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, kile kidole chake chenye ufa wa chumvi, akakipitisha taratibu juu ya mstari kama anayetafuta mwiba kwenye ngozi.

"Siku ile niliyouza kwa yule wa kuku," akauliza, "hapa ni wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa chini ya kidole chake. Alikiondoa akatazama mahali pale, akatazama na pembeni yake, akanirudishia simu.

Chini, juu ya ziwa, mvua nyingine ilikuwa inakuja, nyeupe, inafuta mwamba ule ulionileta. Mama akainua sketi yake kidogo akaanza kuteremka kabla haijatukuta, nami nikamfuata, nikiwa bado nimeshika simu wazi, nikisubiriwa na kile kisanduku niandike bei.